Mhariri wa Kizingiti

Mhariri hakuwa na gazeti. Alikuwa na kalamu mbili, rula ya chuma, na mfuko wa nailoni wa duka la viatu ambamo alitia karatasi kubwa zilizokunjwa zikawa kurasa nne, tupu, zilizopigwa mistari kwa mkono. Hilo ndilo lililokuwa gazeti lake. Mtaani kwetu Mkunazini walimwita Mhariri kama watu wanavyomwita mtu Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa: kwa heshima, lakini heshima yenyewe ikichekacheka. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda cha chapa, akisahihisha makosa ya wengine. Alipostaafu, akasema sasa atatoa la kwake.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi katika duka la fotokopi, chini ya nyumba ya ghorofa ambayo juu yake hakai mtu kwa sababu ya nyufa. Siku ya kwanza aliniwekea karatasi zile mezani akataka nakala. Nikazigeuza huku na huku, nikamwambia, Mzee, hazina kitu. Akasema anajua. Mistari kwanza, maneno yatakuja, kwani nyumba nayo huanza na kuta kabla hajaja wa kuikaa. Nikamtolea nakala. Juma lililofuata akaja na nyengine, mistari imesogezwa kidogo.

Gazeti lenyewe alilolipanga lilikuwa la watoto wakubwa, wale wa miaka kumi na sita mpaka kumi na tisa, na liwe la bure. Kwa hili la umri alikuwa mkali. Chini ya kumi na sita, alisema, mtoto bado ana mtu wa kumuuliza. Akifika ishirini, ameshaamua, na hata kama kaamua vibaya hakusikilizi. Katikati pale ndipo anaposimama kizingitini, na sisi wakubwa kazi yetu ni kumwambia usikae hapo, bila kumwambia aende wapi. Akaliita gazeti lake Kizingiti. Vijana walipotaka jina la kuchangamka zaidi, kila mmoja na lake, aliwasikiliza wote, akawashukuru, akaandika Kizingiti.

Nitaisema mapema sababu yangu ya kulitaka gazeti lile, mtu asije akadhani nilikuwa mpenda habari tu. Wazee wetu walifariki mmoja baada ya mwengine nikiwa kidato cha pili. Nikaacha skuli, nikabaki na wadogo zangu wawili, Haji na Zuhura. Zuhura alikuwa bado mtoto. Haji alikuwa anaingia miaka kumi na minane, na mchana kutwa akishinda Malindi karibu na bandari, kwenye maskani ya vijana wanaongoja meli. Kuzamia, ndivyo wanavyoita: unajificha ndani ya meli ya mizigo, huna nauli huna karatasi, ukatokee Durban au popote Mungu atakapokutoa. Wengine wanafika. Wengine hurudishwa. Wengine habari zao hazijulikani. Nilitaka Haji asipande meli. Sikuwa na haja nyengine duniani, na kila nililolifanya miaka ile, hata kumtolea mzee nakala za mistari yake, nililifanya kwa ajili hiyo.

Kwa maneno yangu Haji hakuwa anakatazika. Nilikuwa dada, na dada kazi yake kukataza. Lakini alikuwa akisoma. Alisoma chochote, karatasi iliyofungiwa bajia, maandishi ya kwenye magunia, na akisoma kitu hukiamini kidogo kuliko nilivyotaka na zaidi kuliko alivyokubali.

Mhariri alikuwa na desturi ya kuwauliza vijana swali moja. Wanakuja dukani kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, za vyeti vya skuli, yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anawauliza: ukipewa kurasa nne bure kila wiki, ungetaka ziseme nini? Wengi walisema mpira. Mmoja alitaka kujua kitambulisho kinapatikanaje bila kumjua mtu. Msichana mmoja, sauti chini, aliuliza kama posa inaweza kukataliwa na mtoto mwenyewe au mpaka baba. Mwengine alisema anataka gazeti lisilomwambia ajitume, kwa sababu ameshajituma. Hilo lilimfurahisha Mhariri mpaka akavua miwani. Tokea siku hiyo neno "kujituma" likapigwa marufuku katika Kizingiti, kabla Kizingiti hakijapata hata neno moja la kuandikwa.

Alikuwa na misemo yake. Habari isiyo na mtu ndani yake ni tangazo, akisema. Anayeandika "inasemekana" anamficha shangazi yake. La kununuliwa linamfika mwenye nacho, la bure linamfika anayelihitaji. Na lile alilolipenda kuliko yote: ukweli hauna haraka. Hili mimi sikulipenda.

Alisoma kinyumenyume. Wenzake wa zamani wa chapa walifanya hivyo, alinieleza: unaanza neno la mwisho la ukurasa, unarudi mpaka la kwanza, rula ikishuka chini ya kila mstari. Ukisoma kwenda mbele hadithi inakuchukua na makosa yanakupita. Ukisoma kurudi nyuma, kila neno linasimama peke yake kama mshitakiwa. Nilimwona akisoma ukurasa mzima hivyo, midomo ikicheza, na mwisho anainua kichwa na kusema hakuna kosa. Ukimuuliza habari yenyewe inahusu nini, inabidi aisome tena.

Aliwapenda vijana, na hakuweza kustahimili kelele zao. Alitaka gazeti la bure, na kalamu yake hakumwazima mtu, hata mimi. Alisema watoto waambiwe mambo yalivyo, na yeye mwenyewe akipishana na jeneza njiani huwaambia watoto waliofuatana naye watazame upande wa pili.

Mikutano ilifanyika Jumamosi baada ya Alasiri, mule mule dukani, mashine zikiwa zimezimwa. Waliokuja walikuwa wa skuli na waliomaliza skuli, wavulana kwa wasichana, na walikaa juu ya maboksi ya karatasi. Waligawana kurasa. Ukurasa wa kazi, wa mpira, wa maswali yasiyoulizika nyumbani. Walipanga na ugawaji: skuli za mjini, stendi ya Darajani, Bububu, na Paje kwa wale walioacha masomo kwenda kuwabebea wageni matanga ya kuchezea upepo. Mmoja akasema na Tunguu, chuoni. Mhariri akakataa. Wale, alisema, wameshaingia ndani.

Na kulikuwa na kanuni: anayetimiza miaka ishirini anatolewa. Anapewa kahawa na kashata, anaombewa dua, anaaga. Mwanzo ilikuwa mzaha mzuri. Halafu mwaka ukaisha, gazeti halijatoka, na wa kwanza akatolewa. Akafuata wa pili. Msichana aliyekuwa na ukurasa wa maswali alitoka akiwa keshaposwa, na posa hakuikataa. Mimi nilikuwa nimeshavuka ishirini, lakini nilihesabiwa upande wa mashine.

Haji alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, akatazama maboksi, akawatazama waliokaa juu yake.

"Dada, hili gazeti lenu litatoka sisi tushaota mvi."

Mhariri akamkaribisha akae. Haji akasema anashukuru, lakini yeye hakai kizingitini, anapita. Wote wakacheka, na Mhariri akacheka kuliko wote. Usiku nikimpakulia chakula aliniambia yule mzee mtu mzuri, hana neno. Kisha akaniuliza kama nina nguo ya baridi isiyovaliwa.

Kuanzia hapo nikaanza kumhimiza Mhariri. Kila Jumamosi nikimuuliza lini. Akanijibu kuwa hajapata habari ya ukurasa wa mbele, na kwamba toleo la kwanza likianza na maneno matupu halitasomwa la pili.

Habari ilikuja na miguu yake, nayo miguu ilikuwa mibovu. Makame alikuwa kijana wa Tumbatu, amerudi kutoka Afrika Kusini, na kule Malindi alikuwa kama mfalme. Haji akimtaja kila tukila. Makame ana simu hivi, Makame ana viatu hivi, Makame kasema kule mtu akiosha magari mwezi mmoja anajenga kwao. Siku hiyo aliingia dukani na karatasi za hospitali kutaka nakala. Nilizisoma wakati naziweka kwenye mashine, mtu huwezi kujizuia. Zilikuwa za vidole vya miguu, vilivyokatwa.

Mhariri hakujua yeye ni nani. Akamuuliza swali lake lile lile, ukipewa kurasa nne. Makame akamtazama kwanza kama anayetazama mwendawazimu. Halafu akasema:

"Ziseme tulikuwa watatu."

Akakaa juu ya boksi, akavieleza vile viatu vyake, na vyote vilivyo ndani yake. Walikuwa watatu kwenye meli, nyuma ya makontena. Maji yaliisha, wakanywa mikojo yao. Walipogunduliwa, mabaharia waliwapeleka ukingoni wakawatupia maboya mawili, kisha wakawashusha wote watatu. Maboya mawili, watu watatu. Makame alishika moja, na mwenzake, kijana wa Mkokotoni ambaye walikua pamoja, akashika hilo hilo. Likawa linazama. Makame akampiga mkononi. Akampiga tena mpaka akaachia.

Alisema hivyo bila kulia, akitazama mashine. Mhariri akamuuliza kwa nini hawaambii wale wa Malindi.

"Nikae pale na viatu hivi, halafu nseme nlimpiga mwenzangu? Siwezi, Mzee. Wananiamkia wale. Andikeni nyinyi. Likishaandikwa linasema lenyewe, mimi ntakuwa sisemi kitu."

Akakubali hata jina lake litiwe. Alipoondoka niliufunga mlango nikamwambia Mhariri kwamba ukurasa wa mbele ndio huu, na itoke wiki hii. Akasema naam, ndio huu. Nilikuwa sijapata kumwona na haraka, na siku ile alikuwa nayo, akivaa viatu huku anakwenda.

Wiki hiyo haikutoka. Aliiandika, akaifuta, akaiandika upya. Niliichapa kwenye kompyuta ya duka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila aliporudi, neno lilikuwa limebadilika, na kila lililobadilika lilikuwa zuri zaidi. Mikojo ikawa kiu kali. Mabaharia waliowashusha wakawa waliowalazimisha kuiacha meli. Nilipofika mahali pa boya nikasimamisha vidole.

"Mhariri, hapa kasema alimpiga mkono."

"Nimeona."

"Sasa umeandika alizidiwa na mawimbi, akatangulia mbele ya haki."

"Yule marehemu ana mama, mwanangu. Yuko Mkokotoni, nimemuulizia. Gazeti letu la bure, litamfika." Akaisogeza rula. "Na huyu aliye hai, umwite muuaji mbele ya watu? Tumsitiri."

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako ana akili. Mwenye akili anaelewa."

Yule mama nilimfikiria pia. Nilikuwa nimelea watoto wasio wangu, najua mama anavyosikia jina la mwanawe. Nikachapa mawimbi. Makame aliposomewa akasema, Mhariri, maneno yangu umeyavisha kanzu. Lakini uso wake ulitua, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwengine.

Na kwa kuwa habari ilikuwa na kifo, Mhariri akatia juu yake, kwa herufi za Kiarabu, nzuri, zenye nukta zote, ile aya tunayoitamka tunapopokea msiba. Tuliiona sote. Vijana waliokuwa juu ya maboksi waliiona, mwenye mashine ya chapa kule Ng'ambo aliiona, mimi niliipanga mwenyewe mahali pake. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kwetu sisi aibu ingekuwa kutoitia. Unamtajaje maiti bila kuitaja?

Kizingiti kilitoka asubuhi ya Alkhamisi. Vijana wakakigawa kwenye milango ya skuli, Darajani, stendi, wakirudi kuchukua vyengine. Mhariri alivaa kanzu siku ile, yeye ambaye kanzu yake ilikuwa ya Ijumaa tu, akatoka kwenda kuwaona watu wakisoma. Na walikisoma. Niliona wanafunzi watatu wamekiinamia kimoja, vichwa vimegusana.

Karibu na Adhuhuri alirudi dukani ameshika nakala mbili zilizolowa. Moja aliikuta kwenye mtaro wa soko. Ya pili alimkuta muuza samaki kaifungia samaki changu. Kitu cha bure hakina mwenyewe: mtu anasoma, anatupa, na mwengine anaokota na kupangusia. Watu walikuwa wanapita juu ya aya. Alisema hivyo mara mbili, wanapita juu yake, na viatu. Nyuma yake walikuwa wameshafika wazee wawili wa msikitini, hawakuwa na ugomvi, walisema tu: bwana, haya mambo gani?

Akatoka tena, safari hii kukusanya. Niliufunga mlango nikamfuata. Aliokota mitaroni, akawanyang'anya wauza muhogo, na mwisho akawa anawachukulia wanaosoma, mikononi mwao, akiwaambia samahani, samahani mwanangu, nipe. Vijana wake wenyewe walimsaidia, kwani hata wao waliona hivyo ndivyo. Wengine walirudisha kwa hiari. Kufika Alasiri magunia yalikuwa yamejaa, na Kizingiti kilikuwa hakipo mjini. Malindi hakikufika hata kimoja, maana zamu ya Malindi ilikuwa ya jioni.

Nilimwambia tukate. Tuchukue mikasi, tutoe aya peke yake, habari ibaki, tugawe tena. Akakubali, akakaa na rula akaanza, akipima kila mkato uwe sawa, na vile vipande vya aya akivipanga kwenye bahasha. Alipofikisha kama kumi akakigeuza kimoja. Nyuma ya aya, ukurasa wa pili, palikuwa na ukurasa wa kazi, na sasa ulikuwa na tundu katikati. Akaniambia gazeti lenye tundu si gazeti. Litachapwa upya, bila ya aya, wiki ijayo. Magunia yakachomwa kwa adabu katika shimo, nyuma ya nyumba, na majivu yakafukiwa. Mimi nilichukua kimoja cha vile vyenye tundu.

Haji alikisoma mbele yangu, amesimama. Alikisoma chote, hata kazi, hata mpira.

"Kumbe huyo mwenzao kazidiwa na mawimbi," alisema. "Mimi sizidiwi, Dada. Mimi nnajua maji."

Ndipo nikamwambia lililokuwa limeachwa. Nikamwambia la boya, na la mkono, neno kwa neno kama nilivyolisikia. Alinisikiliza vizuri, hakunikata. Asubuhi akaenda Malindi kumuuliza Makame, mbele ya wenzake. Makame akacheka. Akasema labda dada yako ameota. Hakuna pale aliyekuwa na gazeti mkononi, hakuna aliyelisoma, na Makame alikuwa na viatu vyake. Haji akarudi akaniuliza swali moja, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Kama ni kweli, mbona gazeti lenu halikusema?"

Wiki ijayo ile ya Mhariri ilikuwa bado haijafika Haji alipoondoka. Aliacha nguo zake zote isipokuwa sweta la baba.

Sikumlaumu Mhariri mbele ya watu. Nilimlaumu nilipokuwa nazifua zile nguo, nikazianika, nikazikunja. Yeye alikuja dukani siku nyingi bila kuuliza, akitoa nakala za kurasa zake mpya, mistari imesogezwa. Mara moja akaniuliza kama Haji amepiga simu. Nikamwambia bado. Akasema simu za kule zina shida, mitandao. Wale vijana waliobaki walifika ishirini mmoja mmoja, na mwisho hapakuwa na wa kumuombea dua. Macho yake yakapungua. Binti yake, Bi Rukia, akaja kumchukua akakae kwake Mtoni, na mtaa ukabaki bila Mhariri, na watu wakasema masikini, kama wanavyosema.

Nilikwenda kumwona mwaka huu. Sikwenda kwa kumtamani. Kwetu kuna mambo hayaalikwi kwa simu, unakwenda kwa miguu yako nyumba kwa nyumba, na yeye alikuwa mmoja wa watu ambao nisingewaacha.

Nilimkuta uani kwenye kitanda cha kamba, amekonda, kanzu imemzidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanijua kwa sauti kabla sijataja jina. Akaniambia nimekuja wakati mzuri. Akapapasa chini ya mto akatoa karatasi zilizokunjwa kurasa nne. Mistari ilikuwa imekwenda upande, mengine imepandana, kwa sababu haoni tena. Alisema ameshajua kosa lilikuwa wapi. Ukurasa wa mbele usiwe na kifo. Waanze na kitu chepesi, wazoeleke, halafu ndiyo. Akauliza Zuhura sasa ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na sita.

"Basi yumo. Mlete. Tuanze na yeye."

"Zuhura nitamwambia mwenyewe, Mhariri."

"Utamwambia nini?"

Nikamweleza. Siku chache nyuma Makame alikuja nyumbani kwetu, akakaa barazani, akavua viatu mbele yangu na mbele ya Zuhura. Alikuwa amepigiwa simu na kijana aliyekuwa pamoja na Haji melini, ambaye miaka yote hii hakuthubutu kusema. Maji yaliwaishia wakanywa mikojo yao, wakagunduliwa wakiwa wanne, wakashushiwa mapipa mawili matupu yaliyofungwa kamba. Kamba ikakatika na pipa moja likachukuliwa. Haji akasema yeye anajua maji, akaruka kulifuata. Walimwona kichwa, kisha mkono, kisha hawakumwona. Walimwita mpaka sauti zikawakauka. Baadaye watatu waliobaki wakapigana kwa pipa lililokuwapo, na aliyepiga simu ndiye aliyepona, na yeye ndiye aliyesema kwamba walipigana.

Nilimwambia hivyo hivyo. Mikojo niliiita mikojo. Mhariri alikuwa ameinamisha kichwa, karatasi zake zimelala mapajani, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatafuta kitu juu ya kitanda, haukipati. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Hakusema mbele ya haki, hakusema mitandao. Alisema jina la mdogo wangu mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma.

Bi Rukia akatoka jikoni na sinia ya chai. Alimwona baba yake, akaiweka sinia chini pale pale aliposimama.

"Baba, kuna nini? Nani kafa?"

Mhariri akajifuta kwa pindo la kanzu.

"Hakuna kitu, mwanangu. Tunapanga gazeti."

Bi Rukia akanigeukia. Nilikuwa nimesharudia maneno yale katika nyumba nyingi tokea asubuhi, na kila nyumba nilidhani ndiyo ya mwisho itakayonishinda. Nikasimama, nikamwambia amekufa mdogo wangu Haji, baharini, maiti hatuna, na khitma yake ni Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwetu, yeye na baba yake wamealikwa.